Huduma ya kupangiwa chumba cha wageni ukiwa unauza nyumba: wapi inalipa na wapi unapigwa

Kwa wenye haraka naanza na jibu: nyota tatu na nusu kati ya tano. Tatu nzima wamezipata siku ya kutoa vitu, nusu ni ya vipimo vya kitanda, na hiyo moja na nusu waliyoikosa iko ukutani nyuma ya kabati, nitafika huko. Jina la kampuni siliweki maana nina malalamiko humu na sikuja kumharibia mtu biashara, halafu nimeongea na wengine waliotumia kampuni tofauti kabisa na wananisimulia mambo yale yale, kwa hiyo chukulia hii kama ripoti ya huduma yenyewe.

Huduma iko hivi. Unataka kuuza nyumba, dalali anakuunganisha na watu wa kuipanga ili itoke vizuri kwenye picha na mnunuzi akija aone nyumba, asione maisha yako. Kazi hii sio ya juzi, Marekani huko kuna dalali anaitwa Barb Schwarz ndiye anayetajwa kuianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, na siku hizi imesambaa mpaka kuna wanaoifanya kwa simu tu, unawarushia picha za chumba wanakurudishia maelekezo. Sisi tulichukua ile kamili: wanakuja, wanatoa, wanaleta vitu vyao vya kukodi, wanapanga, wanaondoka. Ila hatukuwapa nyumba nzima. Sebule, jiko na chumba chetu tulivimudu wenyewe, wao tukawakabidhi chumba kimoja, kile cha ziada, kile ambacho mdomoni ni chumba cha wageni na mgeni wa mwisho kulala humo hata simkumbuki.

Najua kuna atakayesema sasa kwa nini ulipie chumba ambacho hakina umuhimu. Na kwa namba yuko sahihi, kile chama cha madalali cha Marekani, National Association of Realtors, huwa kinawauliza wanachama wake ni vyumba gani vya kupanga kwanza, na juu kabisa wanakaa sebule, chumba kikuu cha kulala na jiko, chumba cha wageni kinaburuza mkia. Hakuna mtu ananunua nyumba kwa kukipenda chumba cha wageni. Lakini mimi nionavyo hicho chumba kina kazi moja tu kwenye mauzo, nayo ni kuhesabika. Tangazo limesema vyumba vitatu, mnunuzi anafungua mlango wa tatu anakutana na stoo, kichwani mwake tayari umebaki na viwili, bei yako aliyoisoma ni ya vitatu. Na haishii hapo, akiona chumba kizima kimegeuzwa stoo anaanza kuwaza kwamba hii nyumba haina pa kuweka vitu. Yaani mlango mmoja umekupotezea mara mbili.

Sasa siku ya kutoa vitu. Jamani. Humo ndani kulikuwa na tredimili iliyovalishwa nguo, printa isiyo na wino, feni mbovu iliyokuwa inasubiri fundi tangu enzi hizo, mabegi yenye mabegi ndani, meza ya kupigia pasi, godoro la mtoto ambaye sasa ananipita urefu, na mfuko mzima wa nyaya za chaja za simu ambazo hazipo tena duniani. Nilitegemea tutaanza vita ya kila kitu, hiki unakihitaji, hiki hukihitaji, kama tunavyofanyaga wenyewe kila tukijaribu kusafisha tunaishia kukaa chini kuangalia albamu za picha. Dada aliyekuwa anaongoza timu hakuuliza hivyo hata mara moja. Yeye swali lake lilikuwa, "Mkihama, hiki mnakwenda nacho?"

Hilo swali peke yake lina thamani ya hela niliyolipa. Maana ukiulizwa unahitaji utajitetea, kila kitu kinahitajika kwa namna yake, lakini ukiulizwa kama utakibeba, ukifunge, ukipakie kwenye gari, ukakishushe nyumba nyingine, majibu yanakuja yenyewe. Shemeji yenu alishikilia boksi tupu la TV kama cheti cha ndoa.

"Hili lina garantii," anasema.

"TV yenyewe iko wapi, kaka?"

"Tulimpa mdogo wangu."

Yule dada wala hakucheka, akaliweka tu upande wa vya kutoka, na bwana mkubwa akaenda kunywa maji.

Waligawa vitu mafungu matatu, vinavyohama, vinavyotoka, na vile ambavyo tutavitumia mpaka siku ya mwisho. Vinavyohama vilifungwa hapo hapo kwenye maboksi ya saizi moja na kuandikwa ubavuni, sio juu, maana juu kutawekwa boksi lingine. Vitu vidogo kama hivi ndivyo unavyojua mtu anaifahamu kazi. Na walikataa kabisa kusukumia mizigo kwenye kabati la ukutani, mimi nilikuwa nimeshafungua milango tayari kujaza. Akaniambia, "Mama, wanunuzi wanafungua makabati, wote, hata ambao wana aibu." Na kweli walipokuja wote walifungua, kuna mmoja alivuta hadi droo. Kabati likaachwa nusu tupu, nguo chache zimetundikwa kwenye henga zinazofanana, chini hakuna kitu, na ghafla lile kabati ambalo miaka yote tumelilaumu kuwa dogo likawa kubwa.

Kitu kingine ambacho sikukitegemea kwao ni usalama. Walizunguka wakaondoa vyeti, pasipoti, bahasha za benki, dawa zote hata zile za kikohozi, picha za watoto zenye sare za shule, na ile karatasi ya neno la siri la waifai iliyobandikwa nyuma ya mlango. Ukifikiria vizuri, siku ya kuonyesha nyumba unaruhusu watu usiowajua waingie mpaka chumbani na dalali ana macho mawili tu. Kwenye picha za mtandaoni ndio kabisa, mtu anakuza kwa vidole anasoma.

Kitanda. Hapa nawapa sifa na nawanyang'anya hapo hapo.

Hicho chumba cha wageni kina mita 3 kwa 2.7. Kitanda tulichokuwa nacho humo ni cha upana wa sentimita 180, kimesukumwa kwenye kona chini ya mizigo, na mimi nilijua kabisa tukikitandika vizuri katikati kazi imeisha, kitanda kikubwa kinaonyesha chumba kikubwa, si ndio? Yule dada akatoa tepu. Ukuta wa kichwani ni sentimita 270, toa 180, zinabaki 90, gawa mbili unapata 45 kila upande, mtu mzima anapita kiubavu kama anamkwepa mtu kwenye basi. Wao wanataka angalau kama 60 pembeni ili mtu apite bila kufikiria. Wakaleta cha 135, ikabaki sentimita 67 na nusu kila upande, meza ndogo ya taa ikaingia upande mmoja, miguuni pakabaki zaidi ya mita nzima, mlango unafunguka mpaka mwisho bila kugonga kitu. Chumba ni kile kile lakini nilisimama mlangoni nikashangaa. Kuna wanaoshauri uweke cha 90 kabisa ili sakafu yote ionekane, hapo sikubaliani, mnunuzi akiona kitanda chembamba anaanza kujiuliza kama cha watu wawili kitaingia, na umemleta humo ili asijiulize maswali kama hayo.

Sasa ubaya. Hicho kitanda hakikuwa kitanda. Lilikuwa godoro la upepo juu ya maboksi magumu yaliyopangwa, limefunikwa shuka, duveti, mito mitano, na kitambaa cha kuzunguka chini kisionyeshe kitu. Nimekuja kujua ni janja ya kawaida sana kwenye hii kazi, inapunguza gharama ya usafiri, na kwenye picha kweli huwezi kujua. Tatizo watu hawanunui picha, wanakuja na miili yao. Siku ya pili ya kuonyesha nyumba kaja mama mmoja wa makamo na binti yake, wamepanda ngazi, wamezunguka, mama kachoka, kafika kile chumba kaona kitanda kizuri kimetandikwa, kakaa. Upande mmoja ukashuka taratibu na mito ikamfuata mgongoni. Binti akainua kile kitambaa akachungulia. "Mama, inuka, hicho ni maboksi!"

Hawakukasirika, walicheka tu, sisi tulicheka zaidi kwa aibu. Lakini kuanzia hapo kwenye nyumba yote wakawa wanagongagonga. Wanagonga ukuta, wanagonga milango ya kabati, binti akaenda kukanyaga sakafu ya bafuni kwa kisigino. Ukishamwonyesha mnunuzi kitu kimoja cha uongo unakuwa umemfundisha kutafuta vingine, na sio kosa lake. Niliwapigia jioni ile ile nikawaambia walete fremu ya mbao na godoro la kweli, wakaja na maelezo marefu kuhusu pakeji, kwamba pakeji yetu ni ya picha, ya kuonyesha ni nyingine. Kwenye mkataba imeandikwa "kitanda kilichotandikwa". Mimi nikiambiwa kitanda najua kitu cha kulalia. Walileta mwishoni, baada ya dalali kuingilia kati, ila kwa kununa.

Kwa hiyo kama unawaita watu hawa uliza mapema kabisa, na uliza kwa maneno haya haya, mtu akikaa kitanda kinambeba? Wakianza kujiumauma ujue jibu.

Mambo ya mwanga walifanya vizuri na ni kitu ambacho unaweza kujifanyia mwenyewe bila kumlipa mtu yeyote. Chumba kilikuwa na balbu ya darini nyeupe ile ya bluu bluu na taa ya mezani ya njano. Kwa macho huoni shida, lakini simu ikipiga picha nusu ya ukuta inatoka buluu nusu rangi ya chai. Kwenye boksi la balbu kuna namba imeandikwa na herufi K, hiyo ndio rangi ya mwanga, 2700 mpaka 3000 ni njano tulivu ya chumbani, ukifika 6500 ni nyeupe ya bluu inayokaa vizuri karakana. Wakafanya zote 2700, basi. Bomba la pazia wakalipandisha karibu na dari na kulirefusha pembeni, kiasi kwamba pazia likifunguliwa linakaa ukutani na kioo chote cha dirisha kinabaki wazi, dirisha likaonekana kama limeongezwa. Vioo vya dirisha vikasafishwa ndani na nje, nje ndio watu wanasahau.

Kioo cha kujitazamia walikiweka kupokea mwanga wa dirisha, wazo zuri, ila mara ya kwanza kilikuwa kinaonyesha mlango wa choo cha korido ukiwa wazi na choo chenyewe kimekaa pale kinatabasamu. Picha tatu zimepigwa hivyo kabla mtu hajaona. Na mpiga picha wao alikuja na lenzi pana sana, ukiangalia picha unadhani ni ukumbi, nikamwambia kaka punguza, mtu akitoka kwenye hii picha akaja hapa ataona ametapeliwa kabla hajavua viatu. Akabadilisha, akapigia kwenye kona ya mlangoni, kamera usawa wa kifua, mistari ya kuta imesimama wima, na ikatoka safi. Chumba kidogo kikionekana kidogo lakini nadhifu hakina shida, shida ni ukidanganya saizi maana mnunuzi atakuja na miguu yake.

Haya, ukuta.

Walipovuta kabati la kusimama, sio lile la ukutani (hili lilikuwa limebanana na ukuta wa nje, na nyuma yake hakuna aliyewahi kuona tangu tulipolisimamisha) kukatokea alama ya maji, rangi ya kahawia yenye ukingo mweusi zaidi, na kwenye kona chini vidoadoa vyeusi vya ukungu. Sio kubwa, kama sinia. Nikasema sasa hapo tunafanyaje, na yule dada niliyekuwa namsifia mpaka dakika hiyo akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba ubao wa kichwani wa kitanda ni mrefu, ukikaa hapo hautaonekana, na fundi wao anaweza kupitisha rola moja ya rangi leo leo.

Hapana. Hapa ndipo nyota zilipoondoka, na nilibishana nao sana.

Kwanza kwa ufundi tu haifanyi kazi. Alama ya maji ukiipaka rangi ya kawaida ya maji inarudi kutokea juu, ile kahawia inayeyuka na kupenya kwenye rangi mpya, unaweza kupaka mara tatu bado inakuchungulia, lazima kwanza upige praima ya kuzuia madoa. Na ukungu ukiupaka juu juu ukiwa hai unaendelea na maisha yake chini ya rangi, baada ya muda rangi inabanduka kwa magamba. Pili, na hili ndilo kubwa, doa la maji ni ujumbe kutoka sehemu nyingine. Maji yanatoka mahali. Ukifunika doa bila kuziba maji umetengeneza picha tu, mvua inayofuata lipo.

Tatu, mnunuzi mwenye akili analeta mkaguzi wake, na mkaguzi anakuja na kifaa kidogo cha kupima unyevu, anakigusisha ukutani kinalia, wala hahitaji kuona doa. Hapo sasa utaeleza nini, hasa rangi ikiwa bado inanukia? Na sehemu nyingi muuzaji ana wajibu kisheria wa kusema kasoro anazozijua, ukificha ukajulikana baadaye mnaweza kukutana mbele ya hakimu wakati hela umeshaitumia. Yule dada anamaliza kazi yake siku ya picha, sahihi kwenye makaratasi ni yangu mimi.

Tukamwita fundi wetu. Akatoka nje moja kwa moja, hakuangalia hata ndani, akapandisha ngazi akakuta mfereji wa kukinga maji ya paa umeziba majani pale pale juu ya kona hiyo, maji yakijaa yanamwagikia ukutani, plasta inanyonya. Na ndani kabati limebana ukuta hewa haipiti, ukuta wenyewe ni wa nje una ubaridi, basi unyevu wa chumbani ukifika pale nyuma unageuka kuwa matone ya maji. Mambo mawili yamekutana. Akazibua mfereji, plasta iliyovimba akaibandua, tukaacha ukuta ukauke kabisa madirisha wazi, hii ndio sehemu inayohitaji subira na ndio sehemu ambayo kampuni ya kupanga haina subira nayo maana wana ratiba, halafu akasugua, akapiga puti, msasa, praima, ndio rangi. Tulinunua na kipima unyevu wa hewa kidogo cha kuweka mezani, shirika la mazingira la Marekani, EPA, linashauri hewa ya ndani ikae chini ya asilimia 60 na ikiwezekana kati ya 30 na 50, basi nikawa nakiangalia kila asubuhi kama mtu anayepima presha. Kabati lilirudi lakini limeachwa na nafasi nyuma ya kupitisha mkono.

Picha za kabla na baada pamoja na risiti ya fundi tukaziweka kwenye faili, na kila mnunuzi aliyefika tulimwonyesha bila kuulizwa. Hakuna hata mmoja aliyekimbia. Kuna baba mmoja alisoma ile risiti kwa makini kuliko alivyoangalia jiko.

Harufu. Walituletea vile vijiti vya manukato kwenye chupa, vitatu, kwenye chumba cha mita nane za mraba! Ukiingia unapigwa kofi la maua. Nilivitoa kesho yake. Mnunuzi akikutana na harufu kali anawaza inaficha nini, hata kama haifichi kitu. Chumba kilichofungwa muda mrefu kinanuka godoro, kapeti na vitambaa, kwa hiyo shughulika na hivyo: mapazia yafuliwe, kapeti linyunyiziwe beking soda likae masaa halafu livutwe na mashine, godoro lisimamishwe lipigwe hewa, madirisha yafunguliwe kila siku hata kama hakuna anayekuja. Na ukipaka rangi paka mapema, inaweza kukauka kwa mguso ndani ya masaa lakini harufu yake inakaa siku.

Kuna jambo tulibishana ambalo sina uhakika kama nilishinda. Wao walitaka chumba kiwe ofisi, meza, kiti kizuri, mmea kwenye kona, wanasema watu siku hizi wanafanya kazi nyumbani. Mimi nikasema tangazo limeandika vyumba vitatu vya kulala, mtu akute kitanda. Ofisi kila mtu anaweza kuiwaza mwenyewe akishaona chumba kipo, ila kitanda akikikosa anaanza kupima kwa macho. Tukaishia kitanda na kimeza chembamba cha kuandikia chini ya dirisha, na nakiri kile kimeza wanunuzi wawili watatu walikigusa na kusema hapa nitaweka kompyuta yangu.

Na kabla hujaita chumba chumba cha kulala hebu angalia sheria ya unapoishi, maana kuna sehemu stoo yenye kitanda bado ni stoo. Kanuni za mfano za ujenzi wa nyumba za makazi zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani zinataka angalau futi 70 za mraba, ambayo ni kama mita za mraba 6.5, upande wowote usipungue futi 7, na pawe na dirisha au mlango wa kutokea moto ukiwaka. Uingereza, kwa England, tangu 2018 nyumba za kupangisha watu wengi zenye leseni chumba cha mtu mzima mmoja kisipungue mita za mraba 6.51. Chetu kina 8.1 na dirisha zuri kwa hiyo tulikuwa salama, lakini nimeona matangazo ya vyumba visivyo na dirisha kabisa vimewekewa kitanda na mito minane, huko ni kumtafutia dalali wako kesi.

Walituuzia pia huduma ya kuwekewa fenicha kwenye picha kwa kompyuta, chumba kikiwa kitupu. Sikuichukua. Ni rahisi, na kwa nyumba tupu iliyo mbali naelewa, ila iandikwe wazi kwenye picha kwamba fenicha ni za kompyuta, na wasiguse kuta wala dirisha. Sampuli waliyonionyesha walikuwa wamefuta mpaka soketi.

Kwa hiyo ningewaita tena? Kwa siku ya kutoa vitu ndiyo, na ningewalipa kwa siku hiyo peke yake pamoja na saa moja ya yule dada na tepu yake. Jicho la mtu wa nje ambaye hana kumbukumbu na vitu vyako huwezi kulipata kwa ndugu, ndugu nao wana maboksi yao humo. Balbu, pazia, shuka safi na mito miwili (sio mitano, mitano unashinda unaipanga kila mtu akitoka) ninaweza mwenyewe. Kuta, maji na umeme sitawaachia watu wa kupamba, huyo ni fundi, na aje kabla yao.

Mkataba usomwe sehemu ya kukodi. Kwetu bei ilikuwa ya kipindi fulani, nyumba isipouzwa kipindi kikaisha unalipa tena kipindi kizima hata kama umebakiza siku mbili kusaini, na hilo liko ukurasa wa nyuma kwa maandishi ya mchwa. Tulibanana nao wakakubali kuhesabu kwa wiki. Uliza pia nani anawajibika kitu kikichafuliwa, maana mtoto wa mnunuzi alipanda kitandani na viatu na walitaka duveti iwe juu yangu, dalali akawaonyesha kipengele chao wenyewe wakanyamaza.

Nyumba imeuzwa, wamekuja kuchukua vitu vyao, wamehesabu kila mto, na foronya mbili wameziacha kwenye kabati. Nimewatumia ujumbe hawajajibu, mnunuzi kasema zibaki.